Ukuta wa Mama Belise

Siku ya kwanza Cansilde alifika kazini amevaa viatu vya kanisani, na aliyemwambia avivue ni mtu aliyewahi kumfulia nguo.

"Shikamoo, mama Belise," Gatesi alisema, akiinamisha kichwa kidogo kama zamani. Kisha akanyoosha kidole kwenye mabuti ya mpira yaliyolala kando ya lundo la mchanga. "Tafuta yanayokutosha. Hivyo ulivyovaa havitafika saa sita."

Shikamoo ile ilikuwa ya kweli, na amri iliyoifuata ilikuwa ya kweli vilevile. Cansilde hakujua ajibu ipi kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye sauti iliyobeba kwaya nzima. Kwa miaka mingi alivusha vitenge kutoka Goma na kuwauzia wake za wakubwa wa Gisenyi, hadi njia ya mpakani ilipokuwa ngumu na biashara ikamfia mikononi. Sasa, kwa mazoea tu, alishusha mkoba begani akamnyooshea Gatesi aupokee. Mkono ukabaki hewani. Wanaume wawili waliokuwa wakikoroga saruji wakasimamisha makoleo yao.

"Mikoba inatundikwa pale kwenye msumari," Gatesi akasema, bila ukali. "Maji ya kunywa yako kwenye dumu la njano. Kila mtu anachota mwenyewe."

Cansilde akautundika mkoba. Kisha akaketi juu ya jiwe na kuanza kujaribu mabuti, moja baada ya jingine, mbele ya watu ambao hakuwajua.

Ukuta waliokuwa wakiujenga kuzuia kilima ulikuwa wa mawe meusi ya volkano, mrefu kama mita sitini, pale ukingoni mwa mtaa wa Mbugangari ardhi inapoanza kupanda. Mvua mbili zilizopita zilikuwa zimeshusha udongo hadi katikati ya njia ambayo watoto walipita kwenda shule. Gatesi ndiye aliyekuwa kapita, msimamizi wa kazi hiyo. Alikuwa amefika Rwanda akiwa msichana, na wazazi wake, kutoka Tanzania. Nyumba ya kwanza kumpa kazi ilikuwa ya Cansilde, na kazi ilikuwa ya uboyesi: kufua, kupika, kumlea Belise. Kutoka pale alikwenda kubeba mawe, kutoka kubeba mawe akajifunza kuyajenga, na sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na watu kumi na wanne chini yake.

Belise, binti pekee wa Cansilde, ndiye aliyekuwa amekwenda kumwomba Gatesi kazi. Alikuwa akiuza katika duka la dawa mjini na mshahara wake ulitosha chakula, lakini si hicho kilichomsumbua. Kilichomsumbua ni kumwona mama yake ameketi ukumbini tangu asubuhi, akivipanga upya vitenge vinne vilivyobaki visivyo na mnunuzi.

"Mupe kazi ya mikono, dada Gatesi," alimwambia. "Hata kama ni ya kubeba. Mama atakufa na mawazo."

"Kubeba hapana, umri wake haufai," Gatesi alijibu baada ya kufikiri. "Nitamfundisha kujenga. Lakini kwangu hakuna mama wa mtu. Kuna fundi na kuna yede wa kumsaidia fundi, basi."

* * *

Nyumbani kazi hiyo haikuwa na mshangiliaji ila Belise. Baba yake, Bizumuremyi, karani mstaafu wa bohari, mtu wa kola iliyopigwa pasi hata siku za kupalilia, alikuwa amesema neno moja tu: "Aibu." Tangu hapo, Cansilde alipoingia jioni amejaa vumbi, mumewe alihamishia macho yake kwenye redio.

Jioni ya siku ya tisa Cansilde alishindwa kushika kijiko. Saruji ilikuwa imemla ngozi ya vidole na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Belise akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na mafuta ya ng'ombe.

"Leo ulifanya nini, mama?"

"Nilipanga mawe. Akapangua. Nikapanga. Akapangua."

"Iko muzuri, mama. Unajifunza."

"Iko muzuri wapi? We hukuona."

"Hata bila kuona. Najua tu iko muzuri."

Bizumuremyi akapunguza redio. "Mutoto, muache mama yako apumzike. Kazi ya mawe ni ya bafungwa na ya batu hawana bwana."

"Mi niko na bwana," Cansilde akasema, vidole vikiwa majini. "Bwana njo hana kazi."

Redio ikapandishwa tena. Belise aliuma mdomo asicheke, akaendelea kumpaka mama yake mafuta kidole kimoja kimoja. Moyoni alikuwa na hakika kwamba kazi yake ni moja: kumsifu mama yake kila siku, asije akakata tamaa.

* * *

Lakini jiwe lina kanuni zake. Gatesi alizirudia kila asubuhi kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma sala.

"Jiwe linalala, mama Belise, halisimami. Ukilisimamisha ili lipendeze barabarani, siku kilima kikisukuma litatoka kama jino. Na hapa, kila hatua moja, weka jiwe la kufunga."

Jiwe la kufunga lilikuwa lile refu, lenye kuanzia uso wa mbele wa ukuta hadi uso wa nyuma, likizishika pande zote mbili zisiachane. Mawe hayo yalikuwa machache na mazito. Kila anayejifunza kazi alipewa mita mbili zake, na Cansilde alizipanga kwa jicho la muuza vitenge: uso laini nje, rangi zikilingana, mistari imenyooka.

Siku ya kumi na mbili Belise alitoroka kazini saa ya mapumziko akaleta maharage na chapati. Aliposimama mbele ya mita mbili za mama yake, alipiga makofi.

"Mama! Ayi! Utazani ni mashini ilifanya! Iko muzuri kuliko ya bote!"

Cansilde akajifuta jasho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, akatabasamu. Sano, fundi mzee aliyekuwa upande wa pili wa kamba ya kunyooshea, alikohoa. Gatesi akaja na mtaimbo. Aliuingiza mtaimbo kati ya mawe mawili ya juu, akasukuma kwa mkono mmoja, kama mtu anayefungua mlango. Mawe manne yakabingirika. Akasukuma tena, na nusu ya ukuta ikamwagika miguuni mwa Belise. Ndani mlikuwa na kokoto na hewa.

"Belise, mdogo wangu," Gatesi akasema, "umeuona uso tu. Usimsifu mama kwa kitu usichokijua. Watoto wakipita hapa chini, sifa zako hazitawashikia kilima."

Wakati huohuo, njiani, mama mmoja mwenye mwavuli alikuwa amesimama. Alikuwa Kabatesi, wa kwaya, aliyesimama safu moja na Cansilde kila Jumapili.

"Cansilde? Ni we?" aliita. "Yewe! Nilizani ni mama wa kubeba mawe. Nikasema, disi, na huyu maskini ametoka wapi?"

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, ndiyo maana iliuma. Cansilde aliinua mkono wenye saruji kumsalimia, kisha akainama na kuanza kuokota mawe yake. Belise alitaka kumsaidia. "Acha," mama yake akasema. "Rudi kazini." Chapati zilibaki juu ya lundo la mchanga hadi jioni, hakuna aliyezigusa.

* * *

"Mi sirudi kule," Cansilde alisema alipoingia nyumbani, kabla hata ya kuvua mabuti.

"Nilisema mimi," Bizumuremyi akajibu.

"Mama, usiseme hivyo. Ilikuwa muzuri, ni kidogo tu ndani..."

"Belise, nyamaza!" Cansilde akaketi chini, si kwenye kiti, mgongo ukutani. "Ilikuwa mubaya. Nilijua iko mubaya, na we ulikuja kupiga makofi mbele ya batu. Na yule Gatesi! Unajua kwanini amenibomolea pale njiani, mbele ya Kabatesi? Analipiza. Ile termosi ya chai ya harusi yangu, unaikumbuka? Nilimukata mushahara ya mwezi muzima juu yake. Nikamuita mwongo mbele ya bageni. Leo amepata nafasi."

Belise alikuwa amesimama na beseni la maji. Alilishusha taratibu.

"Mama, ile termosi mi njo nilivunjaka."

Bizumuremyi akazima redio.

"Nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda juu ya kiti, ikaniponyoka. Dada Gatesi alinikuta na vipande mukononi. Nililia, nikamwambia mama ataniua. Akachukua vipande, akavitupa. Ulipomuuliza alisema tu 'si mimi.' Hakusema ni nani."

"Aliona? Kwa macho yake?"

"Aliona."

"Na nilipomuita mwongo?"

"Aliniangalia tu. Mi nikaangalia chini."

Nje, lori la viazi kutoka Bugeshi lilipita likinguruma na kutikisa vioo. Cansilde alimtazama binti yake kama anayemwona toka mbali.

"Miaka kumi na mbili," alisema mwishowe. "Ulibeba hiyo miaka kumi na mbili?"

"Kila ninapomuona kapita yule, mama. Siku nilienda kumuomba kazi yako, nusura nikose mudomo wa kuongea. Donc, basi, yeye halipizi. Angetaka kulipiza, angekuacha ujenge ile ukuta yako ya hewa mupaka injinia akufukuze."

Cansilde hakumpiga, hakumfokea. Alivuta beseni karibu, akatia mikono yake majini mwenyewe. Asubuhi, Belise alipoamka, mabuti hayakuwa mlangoni.

* * *

Wiki mbili zilizofuata Cansilde alijenga tu. Akaanza kuliona jiwe kabla ya kulishika: hili lina tumbo, hili lina pua ya kukatwa, hili litalala vizuri likigeuzwa. Sano alikuwa akimtupia mawe mabovu kwa utani, lakini siku moja alilishika jiwe mwenyewe kwa dakika nzima asijue liende wapi. Cansilde akanyoosha kidole, bila kugeuka, kwenye pengo lililokuwa nyuma ya mguu wake. Jiwe likaingia. Sano hakumtania tena.

Nyumbani Belise naye alikuwa amebadilika. Hakusifu tena, aliuliza. "Jiwe la kufunga ni nini, mama? Kwanini saruji haitoshi peke yake?" Na Cansilde alimweleza kwa vijiti vya kiberiti, akivipanga mezani, huku Bizumuremyi akitazama kwa pembe ya jicho.

Ila Jumatatu moja mvua ilianza saa tatu asubuhi. Gatesi alikuwa ameteremka mjini kutafuta saruji. Wengine wote walikuwa wamemaliza safu ya tatu, na Cansilde peke yake alikuwa bado, na mawe marefu yalikuwa yameisha. Lori lingeleta mengine alasiri. Angeweza kungoja, lakini kungoja kulimaanisha kuwa wa mwisho, na alikuwa amechoka kuwa wa mwisho. Mahali palipotakiwa jiwe la kufunga, aliweka mawili mafupi, moja mbele, moja nyuma. Katikati akajaza kokoto, akapaka saruji juu yake haraka kabla mvua haijaiosha, akaendelea na safu ya nne. Hakuna aliyeona. Kutoka nje, palikuwa pazuri kuliko pengine pote.

Ijumaa ya wiki hiyo injinia Nziza alikuja. Alipima kwa kamba, akagonga kwa nyundo, akapiga picha kwa simu, akatia sahihi. "Jumatatu saa moja nitarudi, tujaze udongo nyuma," alimwambia Gatesi. "Na kwa ile kazi ijayo ya Nyamyumba, nipe majina ya mafundi saba." Gatesi alimsomea pale pale. Jina la sita lilikuwa Cansilde.

Watu walinawa, wakacheka, wakaagana. Kabatesi alikuwa akipita na mwavuli wake, na safari hii alisogea hadi kwenye ukuta, akapapasa mawe kwa kiganja.

"Cansilde, hii ni kazi yako? Mungu wangu! Iko muzuri sana. Jumapili nitaambia kwaya yote. Ni nani angezani?"

Ndilo neno ambalo Cansilde alikuwa amelitamani kwa mwezi mzima. Alilisikia, na mahali kiganja cha Kabatesi kilipokuwa kimesimama palikuwa palepale penye yale mawe mafupi, kwenye safu ya tatu. Wasichana wawili wa shule, waliokuwa wakingoja wenzao, walikuwa wameegemeza migongo chini yake wakila miwa.

Alisubiri hadi wote walipoondoka, kisha akamfuata Gatesi kwenye kibanda cha vifaa.

"Kapita," alisema. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Ukuta yangu iko na uongo ndani."

Alimweleza yote: mvua, mawe mafupi, kokoto. Gatesi alisikiliza akiwa ameshika kufuli wazi mkononi.

"Injinia ameshatia sahihi," alisema.

"Najua."

"Kwa nini unaniambia sasa? Ungeniambia Jumatatu ileile, ingekuwa kazi ya nusu saa."

"Juu Jumatatu nilikuwa na aibu ya kuwa wa mwisho. Leo aibu iko ingine." Cansilde alivuta pumzi. "Na iko ingine tena, nimechelewa nayo zaidi. Belise aliniambia juu ya termosi. Nilikuita mwongo, Gatesi. Unisamehe."

Gatesi aligeuka akaanza kupanga miiko ya saruji rafuni, ijapokuwa ilikuwa imepangwa.

"Nilikuwa na hasira mwaka mzima," alisema. "Baadaye ikanichosha. Belise alipokuja kuniomba, nilikupokea kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi. Usifikiri mimi ni malaika." Akafunga kufuli. "Nitampigia injinia jioni hii. Anaweza kukukata jina. Anaweza kunikata na mimi. Watu nimeshawaruhusu, na siwezi kuwalipa kazi ya pili. Kesho asubuhi ni umuganda, kila mtu yuko kwenye kazi ya jamii. Una Jumamosi mchana na Jumapili, mama Belise. Ufunguo huu hapa."

* * *

"Injinia alikubali, we unakataa?" Bizumuremyi aliuliza alipoambiwa. "We ni nani?"

"Mi njo nilijenga."

"Na kanisa? Jumapili utakosa kwaya?"

"Mungu anajua kile kipo ndani ya ile ukuta. Nikiimba, ataniangalia namna gani?"

Belise alikuwa ameshaanza kutafuta suruali ya zamani.

Jumamosi, umuganda ulipoisha, mama na binti walikuwa ukutani. Ili kuifikia safu ya tatu ilibidi kushusha zote zilizo juu yake, na saruji ilikuwa imeshika. Cansilde alipiga nyundo, Belise alivuta mtaimbo. Kila jiwe lilitolewa, likapigwa tindo kuondoa saruji kuukuu, likawekwa chini kwa mpangilio. Wapita njia walisimama. Wengine waliuliza kwa nini ukuta mzuri namna hii unavunjwa. Sano, aliyekuwa akienda kunywa bia ya ndizi, alisimama pia. Alitazama, akaelewa, akavua kofia yake na kuikung'uta kwenye paja. Hakusaidia, maana mgongo ulikuwa unamsumbua, lakini alikwenda nyuma ya kibanda akawaonyesha mahali alipokuwa ameficha mawe marefu matatu kwa ajili yake mwenyewe.

"Chukueni," alisema. "Yangekuwa ya Nyamyumba."

Belise hakuwa amewahi kumwona mama yake kazini kwa saa nyingi mfululizo. Alimwona akilizunguka jiwe kama mama anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka shuleni na alama usoni. Alimwona akipiga mara moja tu, mahali pamoja tu, na pua ya jiwe ikaruka. Mikono ile iliyokuwa ikipima vitenge kwa urefu wa dhiraa ilikuwa sasa inapima uzito na ulalo, na haikusita. Kwa mwezi mzima alikuwa amemtia moyo mtu asiyemjua. Yule aliyekuwa mbele yake hakuhitaji kupigiwa makofi. Alihitaji mawe.

"Si hilo," Cansilde alisema. "Lete lile la kijivu."

"Hili?"

"Lile lingine. Usilikumbatie, Belise, litakuvunja mugongo. Liviringishe."

Jumapili saa nane mchana safu ya tatu ilikuwa imefungwa na ya nne ilikuwa imepanda. Lakini kamba ya kunyooshea ilihitaji mtu upande wa pili, na Belise alikuwa akikoroga saruji. Ndipo walipomwona Bizumuremyi njiani, amevaa koti lake la kanisani, ameshika chupa ya chai kifuani. Alisimama mbali kidogo, kama aliyekuwa akipita tu.

"Papa Belise," Cansilde akaita. "Shika hapa."

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akaweka chupa chini, akakunja mikono ya koti mara mbili, mkunjo sawa na mkunjo, akashika kamba. Miaka thelathini ya kupiga mistari kwenye vitabu vya bohari ilikuwa imempa jicho moja zuri.

"Iko chini kidogo upande wako," alisema baada ya muda. "Nusu kidole."

Cansilde akachuchumaa, akatazama. Ilikuwa kweli. "Nusu kidole," akakubali, akanyanyua.

Gatesi alifika saa kumi na gauni lake la Jumapili. Hakusalimia mtu kwanza. Alichukua mtaimbo, akauingiza kati ya mawe ya jana, akasukuma kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili, halafu kwa mwili wote, gauni likimpanda magotini. Ukuta haukujibu. Akautoa mtaimbo, akaufuta kwa majani.

"Shikamoo, mama Belise," alisema. "Injinia alifoka. Lakini kesho atakuja mapema kuona. Jina lako hajalikata."

"Marahaba," Cansilde akajibu, neno alilojifunza kwa Gatesi zamani, jikoni. Alikuwa amebakiwa na jiwe la mwisho la safu ya juu, na saruji yake ilikuwa tayari imetandazwa.

Kamioneti, gari dogo la mizigo, ikasimama njiani. Mwanaume mmoja alitoa kichwa dirishani, akautazama ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akawatazama waliokuwa pale: mzee mwenye koti, msichana mwenye saruji hadi nyweleni, mwanamke kijana mwenye gauni zuri na mtaimbo mkononi.

"Niko na kiwanja Nyamyumba, kinateremka ziwani kila mvua," alisema. "Fundi wa hii ukuta ni nani?"

Belise na baba yake wakamtazama Gatesi. Gatesi akatikisa kichwa.

"Fundi ni yule mama aliyeinama," alisema. "Mimi ni kapita tu."

"Mama!" yule mtu akaita. "Nataka kuongea na we!"

Cansilde hakuinua macho. Alilizungusha jiwe robo mzunguko, akalishusha, akaligonga mara moja kwa mpini wa nyundo. "Ungoje, papa," alisema. "Saruji inakauka."

Mwenye gari akazima injini.